Sanamu Iliyogeuzwa Ukutani

Mwenye bucha hakuwahi kumpiga mkewe mbele ya Mama Maria. Hilo tumpe haki yake, maana mengine yote tutamnyang'anya. Kabla hajavua mkanda, alikwenda kwanza kwenye kabati la sebuleni, akaishika sanamu ya Bikira kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akaigeuza uso ukutani. Kitako cha plasta kilikwaruza mbao: krrr. Baada ya hapo mkewe alikiona cha mtema kuni.

Akimaliza, aliirudisha sanamu itazame sebule, akanawa mikono, akaita mke na binti kwenye rozari. Yeye ndiye aliyeongoza. Sauti yake nzito ilitetemeka kila alipofika pale wakosefu wanapoombewa, wala hakuwa anaigiza. Mnafiki angekuwa afadhali. Mama yake mzazi alifariki siku aliyomzaa. Bibi yake alimwonyesha picha ya Bikira akamwambia, huyu ndiye mama yako, naye akaamini mpaka ukubwani. Jitu zima, kifua kama mlango, likiogopa kuonwa na mama yake.

Mkewe alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa barazani, kando yake meza ya kunyooshea na pasi ya mkaa. Wateja waliona jicho lililovimba, mdomo uliopasuka, safari moja na pengo jipya. Kina mama wa jumuiya walimwambia, "Vumilia, mwenzetu. Mama Maria naye alionja uchungu." Akavumilia, kwa sharti moja alilompa Bikira: mwanangu asiguswe. Ila akibaki peke yake akiifuta sanamu vumbi, alimsema bila haya.

"Na wewe, Mama, unageuzwa kama kiti unanyamaza tu. Si ungemwangukia basi, japo umvunje kidole cha mguu!"

Mama hakuanguka. Ile krrr ikamwingia mwanamke mwilini, kiasi kwamba akiisikia tu mikono ilikimbilia kichwani yenyewe.

Jumamosi moja alasiri alikuwa barazani akinyoosha sketi ya mteja. Mumewe alirudi amefura, akampita bila salamu. Mara, kutoka ndani: krrr.

Mikono ikampanda kichwani, pasi na yote, nusura ajiunguze sikio. Halafu akazinduka. Yeye yuko nje. Mume yuko ndani. Sasa Mama anageuzwa kwa ajili ya nani?

Ndani alikuwemo binti yake tu, akifanya hesabu za shule.

Alipofika mlangoni mkanda ulikuwa umeshatua. Msichana alijikunyata chini ya meza, damu ikimchirizika kutoka kwenye nyusi hadi kwenye daftari. Mkanda ukapanda tena. Mwanamke hakulia wala hakuomba. Aliinua pasi na makaa yake, akaishusha juu ya mkono ulioshika mkanda. Mfupa ukalia ko! Nyama ikanuka, na mwenye bucha, aliyezoea nyama za kila aina, hakuwa amewahi kunusa yake mwenyewe. Akapiga magoti. Alipotaka kuinuka akatandikwa ya pili begani, makaa yakamwagika, yakamtoboa shati na kuangukia mkeka.

"Unanipiga!" alipiga yowe. "Unampiga mumeo mbele ya Mama Maria!"

Mwanamke akatazama kabatini. Sanamu ilikuwa imewapa mgongo.

"Bado," akasema. Akaenda na pasi yake mkononi, akaigeuza sanamu kwa mkono wa pili. Uso wa Bikira ukaelekea kwenye damu, mkanda, na mkeka uliokuwa ukitoa moshi. "Haya, sasa ndiyo mbele ya Mama. Inuka uendelee ulipoishia."

Hakuinuka. Alijifunika uso kwa mkono uliobaki mzima, akajikokota kwa magoti hadi mlangoni ameinamisha kichwa, asikutane na yale macho. Hakulala tena katika nyumba ile.

Fundi alizima makaa kwa ndoo ya maji, akakaa sakafuni akimsafisha mwanawe jeraha kwa ncha ya khanga.

"Mama, ulikuwa nje. Ulijuaje?"

"Niliitwa," alijibu. Akainua macho kabatini, na hapo ndipo machozi yalipomshinda. "Ameniita miaka yote hii, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa najifunika kichwa."