Shangazi Aliyempiga Marufuku Shetani

Shangazi yangu alikuwa mtaalamu wa elimu ya uhalifu, lakini ungemwona akiingia gerezani na kikapu chake ungedhani amepotea njia ya sokoni. Yeye ndiye wa kwanza kwetu kuanzisha darasa la kuwatibu wabakaji na waliochezea watoto. Ukoo mzima ulimjia juu.

"Hao ni wa kufungiwa tu!" baba alifoka.

"Kaka, kifungo kina mwisho. Siku wakitoka, wanatokea mtaani kwako."

Sheria ya darasa ilikuwa moja: marufuku kusema "shetani alinipitia." Ukithubutu, Shangazi anakukatiza, "Shetani hakushtakiwa. Sema 'mimi', uanze upya." Askari walicheka mpaka wakashika mbavu, wakambandika jina la Mama Shetani. Naye akalipenda, jeuri yule!

Mkuu wa gereza alikitaka chumba kile kiwe stoo. Akatoa nafasi ya mwisho: mwanafunzi wa kwanza, fundi seremala, apite mbele ya bodi ya kuwaachia wafungwa mapema. Akionekana hajabadilika, darasa lifungwe. Mimi nilikuwa karani wa bodi hiyo.

"Umepona?" mwenyekiti akamuuliza.

"Sijapona, mheshimiwa. Nimejijua. Mnataka nikaishi kwa dada, na dada ana binti mdogo. Yule mtoto wa jirani niliyemharibu, mimi nilianza kwa kumzoea hivyo hivyo. Msinipeleke kule."

Nilitamani ardhi inimeze. Mkuu wa gereza akamgeukia Shangazi akitabasamu. "Unaona, mama? Huyu amekushinda."

Shangazi aliruka kama aliyekalia kaa la moto! "Amenishinda? Lini mfungwa amesimama hapa akawaambia ukweli unaomnyima pa kulala?"

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta taratibu. "Atafutiwe pengine. Na darasa liendelee."

Nusura nipige vigelegele ndani ya ofisi ya serikali! Lakini Shangazi alikuwa ameshatoka. Nikamfuata. Dada wa fundi alikuwa kwenye benchi la nje, na binti yake kavaa gauni jipya la kumpokea mjomba. Shangazi akaketi kando ya dada yule, akamshika mkono, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Mama wa watu akasikiliza, kiganja mdomoni.

"Mama, mjomba anakuja kukaa kwetu?"

"Haji, mwanangu," akasema, na mkono wa Shangazi hakuuachia.