Bashi Mbele ya Bibliyoteki

Mimi si mtu wa kubembeleza. Mtu akiingia bibliyoteki yangu, hii maktaba ya mtaa, na kutupa kifuko cha karanga juu ya meza, namwambia hapo hapo akitoe. Lakini mwaka huu, hata kama angeingia na kapu la samaki wabichi, ningempa kiti. Shida ni kwamba hakuna aliyeingia kusoma.

Tuko Kadutu, hapa Bukavu, juu ya ngazi ndefu, ndani ya jengo ambalo zamani lilikuwa ofisi ya serikali. Wazee wa mtaa bado wanaliogopa. Wanadhani ukivuka tu mlango utaulizwa kitambulisho. Na ukivuka unakuta nini? Vitabu tulivyopewa na watu wa mbali wenye moyo mzuri: kimoja cha kuteleza kwenye theluji, kingine cha sheria za kodi za Ubelgiji, na riwaya ambazo panya wamekula mwisho wake. Haya, mwite maman wa soko aje kusoma kodi za Wabelgiji.

Mama yangu alikufa Kamituga, kwa kaka yangu, wakati wa mvua. Kaka alinipigia simu nikiwa nafuta vumbi kwenye rafu. Nilisikiliza, nikasema "sawa," nikaendelea kufuta. Barabara ilikuwa imekatika, malori yamezama kwenye matope, kisha yakaja mambo ya bunduki. Walimzika bila mimi. Nilijiambia nitalia nikifika, na mpaka leo sijafika.

Kwetu mtu akifiwa hakai peke yake. Wanatandaza bashi, lile turubai kubwa, mbele ya nyumba, wanapanga viti, na watu wanakuja kukaa naye kwenye kilio. Hawasemi mengi, wanakaa tu. Mimi sikutandaza kitu. Watoto wangu wako mbali, majirani walionijua wamevuka mpaka na hawajarudi, na waliohamia nyumba zao tunasalimiana kwa kichwa. Ningemwambia nani? Nilibaki na kifo kile kama mtu aliyebebeshwa gunia la makaa akakosa wa kumtua.

Basi nikajitupa kwenye kazi. Tulikuwa tumepewa tableti na kisanduku kidogo ambacho kinakuruhusu kusoma mambo mengi bila intaneti. Nilijifunza mwenyewe, nikitukana kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Nikaweka humo hadithi za watoto, magonjwa ya mihogo, masomo ya kushona. Kwa kuwa umeme wetu unakuja unapotaka, tulipata na paneli ya jua. Hapo watu wakaja kweli! Walikuja kuchaji simu. "Maman, nitapita jioni," na mtu ameshuka ngazi. Nilishinda na simu za watu zikilia mezani na wenyewe hawapo. Jumatano nilianzisha kikundi cha mamans kusoma pamoja. Alikuja mmoja, akauliza kama kuna sabuni inayogawiwa, nikamjibu hakuna, akaenda. Nilimcheka sana. Kisha nikasikia kicheko changu mle ndani, nikanyamaza.

Ndipo likanijia wazo. Kama watu wanaogopa mlango, vitabu vitoke nje! Jumamosi nitaviweka chini kule, kando ya barabara, kila mtu avione. Nikaenda parokia kuazima bashi na viti vya plastiki. Katekista akaniuliza kwa sauti ya chini, "Maman, uko na shida?" Nikamwambia, "Niko na vitabu." Alinitazama tu, akanipa.

Asubuhi ile nililipa vijana wafunge bashi vizuri. Nikapanga viti kwa mistari, nikaweka meza mbele na vitabu na tableti. Nilikuwa na kipaza sauti cha kusomea hadithi ili watoto wakimbilie, lakini betri ilikufa kabla ya hadithi kuanza. Palikuwa kimya. Watu walipita. Motari mmoja alipunguza mwendo wa pikipiki yake, akazima muziki wake, akapita polepole bila honi. Nikasema moyoni, adabu gani hii leo? Mwingine akafanya vilevile. Hakuna aliyeshuka. Jua likapanda, nikachoka kusimama na kutabasamu na barabara. Nikakaa kwenye kiti cha mbele nikashika tama.

Mzee mmoja akaja. Alivua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, maman. Jikaze."

"Asanti, papa," nikasema. Nilidhani ananionea huruma kwa sababu programu yangu imekufa. Iliniuma kidogo, ila nilifurahi kwamba walau mmoja ameelewa. Akaenda kukaa mstari wa nyuma, kofia juu ya magoti. Kisha wakaja mamans wawili wenye beseni za sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kichwani. Walizitua, wakanipa mkono mmoja baada ya mwingine, wakakaa karibu nami. Aliyekuwa mnene alitazama meza kwa muda mrefu.

"Marehemu alikuwa mwalimu?" akauliza.

Nusura niseme, marehemu gani? Nikainua macho. Bashi ya parokia. Viti kwa mistari. Mimi mbele, kitambaa kichwani, mkono shavuni. Mungu wangu, nilikuwa nimejenga kilio kamili na mikono yangu mwenyewe.

Hasira zikanipanda. Tableti zote hizi, paneli, kisanduku, na watu wa Bukavu wanaona msiba tu! Nilifungua mdomo niwaambie: hapa ni bibliyoteki, kama hamsomi, bebeni sambaza zenu muende. Na hapo hapo nikajua kwamba nikisema hivyo watacheka, watasimama, wataenda kweli. Sikutaka waende. Tangu simu ile ya Kamituga nilikuwa nataka kitu kimoja tu, mtu aje akae, na sasa walikuwa wamekaa.

"Ni mama yangu," nikasema. "Hakuwa mwalimu. Hata jina lake hakujua kulisoma."

Ilikuwa mara ya kwanza nayasema kwa sauti.

"Eeh, pole. Aliuguaka nini?"

Kwenye kilio mfiwa ndiye anayeeleza, na kila anayefika anaelezwa upya. Nikaeleza. Homa, miguu kuvimba, hospitali kuwa mbali, kaka yangu kumpakia kwenye pikipiki katikati yake na dereva, amefungwa kwa kitenge asianguke. Mzee wa nyuma alisogea ili asikie. Akaja fundi cherehani wa jirani ambaye siku zote alinipita bila salamu, nikaanza tena. Homa, miguu, pikipiki. Wakaja wengine wawili watatu waliokuwa wakitoka sokoni, nikaanza tena. Hapo nilifika mahali ambapo kwa wale wa kwanza nilikuwa nimeparuka: kwamba njiani, juu ya ile pikipiki, mama aliuliza kama nimeshaondoka Bukavu, kama niko njiani. Kaka alimdanganya. Alimwambia, ndiyo, anakuja.

Nililia vibaya, kwa sauti, mimi ninayewafukuza watu wanaotafuna karanga. Mamans wakaanza wimbo wa kanisani, taratibu, na wengine wakaitikia. Hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Walipomaliza, yule maman mnene akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake chenye harufu ya samaki. Akauliza, "Mazishi ni lini? Tujipange tuje."

Ningefanya nini? Nikasema ukweli. "Walisha kumuzika, maman. Kule kule Kamituga. Tangu wakati wa mvua." Nikaeleza na bashi, kwamba ilikuwa ya vitabu. Watu wakatazamana. Fundi cherehani akaangalia meza, akaangalia viti. Nilingoja waniite mwongo, na wangekuwa na haki. Mtu hatandazi bashi kwa kifo cha miezi iliyopita, halafu akala machozi ya watu wenye kazi zao.

Maman hakuinuka. "Tangu wakati ile," akaniuliza, "nani alikaa na weye?"

"Hakuna mutu."

"Hata mumoja?"

"Hata mumoja, maman."

Akafyonya kwa nguvu. "Ee! Unatukosea sana. Unaona siye ni nyama ya pori, hatuko watu?" Alikuwa amekasirika kweli, hasira ya ndugu. Akavuta kiti chake mpaka goti lake likagusa langu. Pale barabarani mwanamke mwingine alikuwa amesimama, mtoto mgongoni, hajui kama aingie au apite. Maman akampungia mkono.

"Kuya, ikala," akamwambia. "Ni mama yake. Atakuelezea."

Yule akaja, akaketi, akanitazama. Nikaanza tena tangu homa.