Wakio na Kambi ya Agosti

Obadiah Mwandawiro alikwenda kwenye mkutano wa wazazi amevaa koti lake la kanisani, na jua la Voi likiwaka vile vile. Alikuwa mnyapara wa uwanja wa kuanikia mkonge, tena mzee wa kanisa, na siku hiyo alikuja kusema neno moja tu: hapana.

Mkutano ulifanyika kando ya bwawa la kuogelea. Bwawa hilo walilijenga Wazungu wa shamba la mkonge kwa ajili yao na wageni wao, na walipoondoka baada ya uhuru likabaki kujaa majani makavu. Ndipo Hashil, kijana wa Voi aliyekulia Mombasa, akaomba ruhusa, akalisafisha, akaanza kuwafundisha watoto wa wafanyakazi kuogelea. Watu walimcheka. Nchi yenyewe ya kugombea maji na ndovu, leo mtu anafundisha watoto kuyachezea! Lakini kicheko kiliisha watoto walipoanza kushinda mashindano, na aliyewapita wote, wavulana kwa wasichana, alikuwa Wakio, mtoto pekee wa Obadiah.

Sasa, mwaka wa sabini na nne, klabu moja ya Mombasa ilikuwa imewaalika watoto hao kambini, wafanye mazoezi na wenzao likizo yote ya Agosti. Ilibaki wazazi wakubali.

"Kwani maji ya Mombasa yana nini?" aliuliza Ndambuki, dereva wa trekta. "Si wafanye mazoezi hapa hapa?"

"Hapa hawana wa kushindana naye, Mzee," alijibu Hashil. "Mtoto akijishinda mwenyewe kila siku, mwisho atadhani amefika."

Mwanamvita, ambaye bintiye Mwanatumu alikuwa akiogelea pia, alijitanda leso yake vizuri kabla ya kusema. "Mimi mwanangu sikatai aende. Lakini niambiwe wasichana watalala wapi na nani atawaangalia. Nisiambiwe Mungu atawaangalia. Mungu namjua, nataka jina la mtu."

Watu wakacheka, Hashil akataja jina la mama mmoja wa Mombasa, na Mwanamvita akaridhika. Hapo Obadiah akasimama.

"Agosti ni wakati wa kuvuna," alisema. "Watoto wetu huenda kwa nyanya zao milimani, wakajua kwao. Na mtoto akishalala nje ya nyumba yako mwezi mzima, anarudi mgeni. Wakio haendi."

Alikuwa bado hajakaa mkewe alipoinuka huko nyuma walikokaa akina mama. Tryphena hakuwa mwanamke wa makelele. Pengine ndiyo sababu kila mtu alimsikia.

"Wakio atakwenda, Mwalimu. Kuvuna nitavuna mimi."

"Ala!" alisema Ndambuki. "Kumbe Mzee, kule kwako mwenyekiti ni mama!"

Walicheka mpaka wengine wakapangusa macho. Obadiah akaketi. Akili yake ilimwambia kwamba Tryphena alikuwa na haki, kwa kuwa mtoto alikuwa na kipaji na kambi kama hiyo haikuja kila mwaka. Lakini kupingwa na mke mbele ya watu, na mbele ya Ndambuki hasa, kulimuuma kama mwiba wa mkonge, ambao ukivunjikia ndani hautoki kwa kubembelezwa. Hakubisha tena. Alirudi nyumbani na kinyongo chake, na siku zilizofuata mkewe alisikia kutoka kwake salamu tu, na zenyewe kwa shida.

Sasa lazima niseme jambo ambalo Mdawida yeyote, yaani Mtaita, analijua. Hasira ya mzazi iliyofichwa moyoni haikai bure. Inatoka na kumfuata mtoto, hata kama hakuwa yeye aliyekosa. Dawa yake ni kutasa: mzazi hutia maji mdomoni, zamani ilikuwa pombe ya miwa, akayapuliza nje pamoja na kinyongo chake, kisha akasema maneno ya heri. Makanisa hayakupenda mambo haya. Hata hivyo mama yake Obadiah, kule Werugha milimani, hakukosa ibada hata Jumapili moja, na hakuna mtu wa nyumba yake aliyesafiri bila yeye kumtasia. Wakio alimaliza likizo zake zote kwa nyanya huyo.

Kwa hiyo asubuhi ya safari, kikapu chake kikiwa tayari mlangoni, Wakio alimletea baba yake kikombe cha maji, akakitoa kwa mikono miwili.

"Baba, nitasie."

Obadiah alikipokea. Akajichunguza moyoni kama mtu anayepekua mifuko, akakikuta kinyongo kipo pale pale. Kicheko cha Ndambuki kipo. Sauti ya Tryphena ipo. Afanyeje? Kupuliza maji na kusema moyo wangu ni mweupe, hali si mweupe, ni kusema uongo mbele ya Mungu na mbele ya waliotangulia, na uongo huo ndio ungepanda treni na mwanawe. Afadhali asifanye kitu. Maskini mzee wa watu, aliamini kabisa kwamba anamlinda mtoto.

"Nenda salama, mwanangu," alisema, akamrudishia kikombe kama kilivyo.

Wakio alimtazama, akatazama maji. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikwenda kuyamwaga nje, akachukua kikapu, akaondoka na mama yake kuelekea stesheni.

Kabla ya adhuhuri hasira ya Obadiah ilikuwa imekwisha. Alikuwa amesimama katikati ya mkonge ulioanikwa akaona kwamba hana tena kitu na mtu yeyote. Jioni alimwambia Tryphena.

"Basi mfuate, Baba Wakio," alisema Tryphena. "Panda treni kesho. Mtoto ameondoka na uso mbaya."

"Mtu mzima nipande treni mpaka Mombasa kwenda kupuliza maji mbele ya watu? Wanicheke tena?"

Hasira ilikwisha. Kiburi ndicho hakikwisha.

Huko kambini, Wakio aliingia majini siku ya kwanza, akafika katikati, akashika ukingo akisema miguu ni mizito. Siku ya pili hivyo hivyo. Daktari alimpima asione kitu. Mwanatumu, ambaye hakuwahi kumshinda Wakio hata mara moja, ndiye aliyewashinda wasichana wote wa kambi, na Wakio alikaa pembeni akishika taulo za wenzake mpaka likizo ikaisha.

"Mwili wake mzima, Mzee," Hashil alimwambia Obadiah waliporudi. "Kuna kitu alikiogopa, na hakuniambia."

Obadiah alijua ni kitu gani. Alingoja mtoto aseme, na mtoto hakusema. Wakio aliacha kuogelea, akashika masomo, akawa muuguzi huko Taveta. Kila Krismasi alikuja na sukari na majani chai, akamwamkia baba yake kwa adabu ile watu wanayompa pasta mgeni. Hakumkosea neno kamwe, na mimi naona hilo lilimtesa Obadiah kuliko matusi.

Tryphena alifariki mwaka wa themanini na tano. Walimzika Werugha, katika ukungu, na mazishi yalipokwisha baba na binti walijikuta wawili tu nyuma ya nyumba. Obadiah akaona kwamba asiposema sasa atakufa nalo.

"Wakio, siku ile ya kambi sikuwa na hasira na wewe. Nilimkasirikia mama yako, na mchana haukufika kabla haijaisha. Lakini ulipoleta maji ilikuwa bado ipo. Niliona nikikutasia nitakuwa nimekudanganya."

Mikono ya Wakio ilikuwa bado na udongo wa kaburi.

"Ungenidanganya tu, Baba," alisema. "Nilikuwa mtoto. Ningeamini."

Jikoni walikuwa wakimwita Wakio aje awapakulie chakula watu waliotoka mbali, na akaenda.