Wazazi Walikuwa Wapi?

Makala niliyosifiwa kuliko zote nilizowahi kuandika niliiandika kwa dakika arobaini, jikoni, nikingojea maharagwe yaive. Ilikuwa wiki ya maandamano ya vijana. Mtaani kwetu tulikuwa tumefunga madirisha kwa sababu ya gesi ya kutoa machozi, na mhariri alikuwa amenipigia simu mara mbili akitaka safu yangu kabla ya saa tisa. "Tupe kitu kizito," alisema. "Kitu cha kuamsha jamii."

Nikampa. Nimeandika maoni gazetini miaka mingi, kwa hiyo kazi ya kuamsha jamii naijua. Unaanza na "sisi sote" ili msomaji asikasirike, kisha taratibu unamwonyesha kwamba sisi sote ni wale wengine. Pale ulipopaswa kuweka ushahidi unaweka methali. Ukikwama, unauliza swali, na raha ya swali la gazetini ni kwamba hakuna anayekujibu. Mimi nililiuliza moja mara nne. Wazazi walikuwa wapi vijana hawa walipotoka asubuhi? Wazazi walikuwa wapi walipokuwa wakishinda vibarazani bila kazi? Nikaendelea hivyo hivyo, nikafunga na samaki mkunje angali mbichi, nikaenda kutia chumvi maharagwe.

Watu waliipenda sana. Mwalimu mkuu mmoja aliniandikia kwamba ameisoma mbele ya wanafunzi wote. Muuza mboga wa pale chini, ambaye kwa kawaida hunisalimu kwa shida, alinipigia makofi: "Umewapa zao, mama!" Nilivimba kichwa, sitaficha.

Kumbe siku moja kabla sijaiandika, binti wa jirani yangu alikuwa amekamatwa mjini. Jirani huyo anakaa ghorofa ya chini yangu. Ni mjane kutoka magharibi mwa nchi, mumewe alifanya kazi relini mpaka akafa, na yeye huuza viazi sokoni Muthurwa. Asubuhi niliyoandika makala nilimsikia akitoka, akirudi, akitoka tena, mlango ukigongwa kwa haraka. Sikushuka kumuuliza. Nilikuwa na safu ya kuandika kuhusu wazazi.

Habari zilinifikia Jumamosi kupitia kundi la wasapu la Umoja wa akina mama wa kanisa letu. Mwenyekiti alikuwa amepiga picha makala yangu na kuandika chini yake kwamba kesho baada ya ibada tutamzungumzia mwenzetu ambaye binti yake ametuaibisha. Akaongeza: "Na kwa kuwa mwandishi wetu ndiye aliyetufumbua macho, yeye ndiye atakayemvua."

Lazima nieleze maana ya kuvua. Katika Umoja wetu kila mama huvaa kitambaa cheupe chenye ukingo wa bluu. Mtoto wako akileta aibu, unaitwa mbele, unasema "nimekosa kulea", na aliyeleta shtaka anakuvua kitambaa kwa mikono yake mwenyewe. Kisha unakaa benchi la nyuma miezi mitatu, kichwa wazi. Tumewahi kuwafanyia akina mama wawili, na mara zote mbili niliinua mkono kukubali. Huyu jirani yangu ndiye kiongozi wa nyimbo. Sokoni anaitwa mama viazi na kila mtu humkaripia. Ni pale kanisani pekee, ndani ya kitambaa kile, ambapo watu humwita Kiongozi na kusimama anaposimama.

Nikashuka ngazi. Aliyefungua mlango alikuwa binti mwenyewe. Alikuwa ameachiliwa kwa dhamana jana yake, kiwiko kimefungwa bandeji.

"Sasa anti," alisema, bila tabasamu. "Nimesoma ile stori yako. Mimi si jambazi. Nilienda tao na bendera na chupa ya maji. Msee alianguka, nikainama kumwinua, ndio wakanishika. Hiyo tu."

Mama yake alikuwa nyuma yake, akipiga pasi kitambaa cha kesho. Hakuniambia keti. Alisema, "Jirani, hilo swali lako. Ulitaka tujibu, ama ulikuwa unaandika tu?"

"Nilikuwa naandika tu," nilisema.

"Mimi nina jibu."

Akanipa, lote, pasi ikiwa mkononi. Nilimsikiliza nikiwa nimesimama mlangoni, na aibu niliyoisikia haikuwa ya kuandikwa gazetini. Ilikuwa ile ya kutamani ngazi ziwe fupi zaidi. Nilipofika kwangu nilimpigia mhariri nikamwomba nafasi ya kusema nimekosea. Alicheka. Makala ilikuwa inasomwa kuliko zote, alisema, nani anazima moto wake mwenyewe? Kama moyo unaniuma, niandike kitu wiki ijayo kuhusu uvumilivu. Nilikata simu, na safu hiyo ya uvumilivu waiandike wenyewe.

Jumapili mwenyekiti alisoma makala mbele ya Umoja mzima. Nakiri alisoma vizuri. Kila alipofika kwenye swali langu akina mama waliguna, kwa sababu nililiandika ili wagune. Jirani yangu alikaa benchi la mbele, kitambaa kimenyooka. Mwenyekiti alipomaliza kusoma, aliniashiria: "Mwandishi, karibu ufanye kazi yako."

Niliomba gazeti kwanza. Nikasimama nalo.

"Nimeuliza hapa wazazi walikuwa wapi binti alipotoka asubuhi," nilisema. "Mzazi alikuwa Muthurwa tangu saa kumi na moja, akipokea magunia, ili huyo binti apate nauli ya kutafuta kazi. Nimeuliza walikuwa wapi vijana waliposhinda bure. Mzazi huyu ameambatana na binti yake mpaka viwandani, bahasha ya diploma mkononi, wakaambiwa getini waache karatasi kwa askari. Nimeuliza walikuwa wapi vijana walipovunja sheria. Alikuwa anatembea vituo vitatu vya polisi kwa miguu, kila kimoja kikimtuma kingine, na mtoto wake kosa lake ni kumwinua mtu aliyeanguka."

Mwenyekiti alisema, "Mwandishi, haya siyo uliyoandika."

"Siyo. Niliyoandika niliandika bila kumuuliza mtu. Na la nne nalijibu mwenyewe. Mzazi mwingine alikuwa wapi? Alikuwa ghorofa ya juu, anasikia mlango ukigongwa, na hakushuka. Kama ni kukosa kulea, sote tumekosa hapo. Uwanja wa mtaa wetu ulipozungushiwa mabati, vijana wakakosa hata pa kupigia mpira, tuliandamana? Tulisema Mungu ataona. Halafu watoto walipokwenda kusema wenyewe, tukawauliza adabu wamejifunzia wapi. Mimi sivui mtu kitambaa leo. Na wale wawili niliowahi kukubali wavuliwe, nilikosa."

Hapo palizuka kelele. Kuna aliyesema nimelewa umaarufu. Kuna aliyeuliza kama kila mtu atakuwa anakula matapishi yake, Umoja utaongozwa na nini? Mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, amezika wengi wetu na kutupikia misibani, aligonga meza mpaka tukanyamaza. Alimgeukia jirani yangu kwa sauti ya upole kabisa. Mambo yaishe, alisema. Aseme tu yale maneno mawili, nimekosa kulea, na kitambaa tutamwachia.

Nilidhani atakubali. Kwa kweli mimi ningekubali; maneno mawili ni rahisi, na nimeishi kwa kuuza maneno rahisi. Yeye alisimama, akajishika kitambaa kukiweka sawa.

"Nimelea," alisema. "Nimelea vizuri. Mtu akianguka mbele ya mtoto wangu, mtoto wangu anainama. Mwenye kutaka kitambaa hiki aje akitoe."

Hakuna aliyekuja.

"Basi nami nina neno," jirani yangu aliendelea. "Kesho saa tatu msichana wangu anasimama mbele ya hakimu. Mimi nitakuwa hapo. Nani anakuja?"

Mwenyekiti alisema tufunge kwa sala, tukainamisha vichwa, lakini jirani yangu hakuinamisha chake. Najua kwa sababu nilichungulia. Alikuwa anatuangalia benchi kwa benchi, mmoja mmoja, kama anayesubiri sauti ya pili iingie kwenye wimbo, na sala ilipoisha bado alikuwa amesimama. Mkono mmoja ukainuka, wa mama wa makamo aliyekuwa ameguna kuliko wote. Ukaja mwingine, kisha watatu kwa pamoja. Nikainua wangu, gazeti bado likiwa limekunjwa ndani yake.

Jirani yangu alinigeukia.

"Wewe uje," alisema. "Lakini uje bila kalamu."