Makopo Mawili ya Maziwa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki. Jana uliponiambia kwa furaha kwamba wafadhili wataleta maziwa ya unga hospitalini kwenu, kila mzazi apewe bure, niliendelea kuchambua mchele ukadhani sikusikia. Nilisikia. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi kwenye wodi ya wazazi, hukuhuku Lushoto, nikiwa muuguzi mwenye umri kama wako.

Alilazwa binti mmoja, Zuhura, mchuma chai aliyetoka Singida, hana ndugu hapa milimani. Ulikuwa uzazi wake wa kwanza, mtoto wa kike. Siku ya pili maziwa yalikuwa hayajashuka vizuri; mtoto analia, na yeye analia. Kabatini tulikuwa na makopo ya maziwa ya msaada, yaliyowekwa kwa watoto waliofiwa na mama zao. Huruma ikanishika. Na nisikufiche, nilitaka pia kushukuriwa. Kukaa na mzazi mpaka mtoto alishike ziwa ni kazi ya saa nzima. Kukoroga maziwa ni dakika mbili. Nikampa chupa, na siku ya kutoka nikampa makopo mawili.

"Mungu akubariki, dada," akasema. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Ziwa lisiponyonywa hukauka, mwanangu. Hilo nilifundishwa darasani, nikalisahau wodini.

Miezi miwili haijatimia akarudi, mvua inanyesha, mtoto mgongoni ndani ya kitenge kilicholowa. Nilipomfungua sikumtambua. Macho yamedidimia, ngozi ukiivuta hairudi. Alikuwa ameharisha siku nne. Nikamuuliza mama yake alikuwa akimpa nini.

"Yale maziwa yako, dada. Yalipobaki kidogo nikawa naweka kijiko kimoja kwenye chupa nzima, yafike mbali. Ya kwangu yalishakatika."

"Na maji?"

"Ya mfereji wa pale kambini kwetu wachuma chai. Kuni zikiwa mbichi hayachemki."

Hakunilaumu. Alisema "maziwa yako" kwa shukrani, na hilo ndilo lililonichoma. Mtoto alifariki kesho yake asubuhi, dripu haijafika nusu.

Mkunga wetu mkuu, Mama Eliza, mtu wa Soni, akaniita kwenye chumba cha kuoshea vyombo. Nikaanza kueleza habari za maji machafu. Akanikatiza.

"Maji ya kule unayajua. Ulimpa kopo ili anyamaze."

"Nilimwonea huruma, mama."

"Ulijionea huruma mwenyewe. Kilio kilikuchosha. Sasa nenda ukakae na Zuhura mpaka wenzake wa kambini waje."

Nilikaa. Mtoto alikuwa amelala katikati yetu, amefunikwa. Walikuja saa nane mchana. Zuhura alinishika mkono akaniaga kwa adabu, na sikumwona tena.

Wahenga wanasema tenda wema nenda zako. Msemo mzuri, lakini kwenye wodi ya wazazi usiufuate. Ukitenda wema pale, ufuate huo wema mpaka nyumbani uone umefanya nini.

Sisemi makopo yatupwe. Mtoto aliyefiwa na mama, au ambaye daktari amesema asinyonyeshwe, apewe, na apewe bure, tena bila kukatizwa mpaka akue, si ya kumsindikizia mlangoni tu. Anayemlea aonyeshwe kupima unga, kuchemsha maji, na kunywesha kwa kikombe. Kisha mtu apande mlima akamtazame. Kama wafadhili hawawezi hayo yote, waambie bado hawajasaidia. Najua ni vigumu kumwambia hivyo mtu aliyekuja na zawadi. Sema hivyohivyo.

Na mama mwenye ziwa, mpe saa yako. Kaa kitandani kwake, mweke mtoto vizuri, mpikie uji, mwambie siku ya pili huwa hivyo kwa wengi. Akikulilia, usikimbilie kabatini.

Nenda kazini, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe subira ya kusikia kilio bila kukiogopa, na watoto utakaowapokea kwa mikono yako waishi, wazeeke, waje wakuzike wao.