Viboko Ambavyo Hatukuviomba

Mume wangu alikuwa mwalimu wa misheni, na baiskeli aliyoipanda haikuwa yake. Misheni ilimkabidhi ili azizungukie shule za vijiji vya upande wa Ihumwa, shule ambazo hazikuwa chochote zaidi ya uwanja uliofagiliwa na ubao mmoja. Wajerumani walikuwa ndio kwanza wanaileta reli Dodoma, na vijijini kwetu baiskeli ilikuwa ile moja tu. Mama mkwe wangu aliiita mbuzi wa chuma kwa sababu ya pembe zake, na kila jioni ilipoingizwa ndani ya tembe alisogeza kigoda chake mbali nayo.

Mimi nilikuwa mgeni pale. Kwetu ni Kibakwe, kwenye vilima na maji, nami nilikuwa nimeolewa katika nchi ambayo watu huzungumzia mvua kama ndugu aliyesafiri bila kuaga. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza.

Asubuhi aliyogongwa alikuwa anafuata barabara ya magari, ile inayokwenda sambamba na tuta la reli. Nyuma yake likaja gari la nyumbu. Mwenye gari alikuwa Mzungu, mkandarasi aliyewapelekea wajenzi wa reli chakula na zana, naye alikaa mbele, kando ya dereva wake, kijana wa Kirangi kutoka Kondoa. Mume wangu alisikia kishindo akasogea pembeni, akasogea tena, mpaka gurudumu la baiskeli likazama kwenye mchanga. Nyumbu mmoja alimpiga begani akaanguka, na gurudumu la gari likampita juu ya goti.

Gari halikusimama. Alichokiona pale chini alinisimulia mara nyingi, na hakubadilisha hata neno: yule dereva aligeuka kumtazama, kisha mkono wa Mzungu ukamshika shavuni ukamgeuza uso mbele.

Wachungaji waliokuwa karibu walimleta nyumbani juu ya ngozi ya ng'ombe. Mama mkwe hakulia. Aliwapa maji, akawashukuru mmoja mmoja, akatuma mtu kumwita fundi wa mifupa. Fundi alifanya kazi yake, na mfupa ukaunga, lakini goti halikukunjika tena. Mguu ulibaki umenyooka kama mwiko.

Mmisionari alikuja kumwona. Aliutazama mguu, kisha akaitazama baiskeli kwa muda mrefu zaidi. Aliomba pamoja nasi, akamshauri mume wangu amwachie Mungu jambo hilo.

"Yaliyo ya Mungu ninamwachia," mume wangu alimjibu kwa upole. "Hili ni la barabarani."

Kwa desturi ya Wagogo, mtu akikuvunja kiungo, jamaa zake na jamaa zako hukaa pamoja, maneno husemwa mpaka yaishe, na mifugo hutolewa. Mama mkwe aliijua desturi hiyo vizuri. "Mguu wa mtu una fidia yake," alisema. "Lakini huyu Mzungu, ukoo wake tutaukuta wapi tukae nao?" Ndipo mume wangu alipoamua kwenda bomani, kwa serikali ya Wajerumani.

Tulikwenda alipoweza kukaa juu ya punda. Mimi nilitembea kando nikiushikilia mguu wake usigonge vichaka. Watu wengi walikuwa wameketi chini uani, kila mmoja na shauri lake, hakuna aliyezungumza kwa sauti. Tulipoitwa tuliketi nasi kwenye vumbi. Yule mkandarasi, aliyekuwa ameitwa pamoja na dereva wake, aliletewa kiti, kikawekwa karibu na meza ya bwana shauri, Mjerumani aliyeamua kesi pale, na wakaulizana habari kwa Kijerumani. Dereva alisimama peke yake katikati.

Bwana shauri alijua Kiswahili. Alimsikiliza mume wangu mpaka mwisho, sitamsingizia. Kisha akamgeukia dereva.

"Nani alishika hatamu?"

"Mimi, bwana."

"Ulimwona mtu huyu?"

"Nilimwona."

"Kwa nini hukusimamisha nyumbu?"

Kijana alimtazama tajiri wake, kisha akaitazama miguu yake mwenyewe. "Niliambiwa niende."

Mkandarasi akasema neno kwa lugha yao, fupi tu, bila hasira. Bwana shauri akatikisa kichwa kukubali. "Aliyeshika hatamu ndiye mwenye kosa," akasema. "Hamsa wa ishirini." Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Viboko ishirini na vitano vilijulikana kwa jina hilo nchi nzima.

Mume wangu aliiegemea fimbo yake akasimama. Ilimchukua muda, na uani kote watu walimtazama akihangaika.

"Bwana, sikuja kuomba mtu apigwe. Nimekuja kuomba fidia ya mguu wangu kwa mwenye gari."

"Mzungu hashtakiwi katika baraza hili. Shauri lake ni la jaji, pwani."

"Basi nitakwenda pwani."

"Kwa mguu upi?" aliuliza bwana shauri, na askari wakacheka.

 Mume wangu aliendelea kusimama. Kijana alilazwa palepale mbele yetu, na mume wangu akawa bado amesimama. Nilijifunika uso kwa kaniki, lakini masikio hayana kifuniko. Kijana alimwita mama yake kwa Kirangi. Sikijui Kirangi, ila neno hilo nililielewa.

Tulirudi, mume wangu juu ya punda, mpaka tukayaona mashamba yetu. "Nilikwenda kutafuta haki," akasema, "nimerudi nimempigisha mtu." Nilimwambia aliyepiga ni boma. Hakunisikia, au alinisikia asikubali.

Usiku huo hakula. Siku zilizofuata alikula, lakini hakuzungumza na mtu kuhusu jambo hilo, na wachungaji waliokuja kuuliza habari za baraza niliwajibu mimi. Misheni ilipeleka mtu kuichukua baiskeli. Iliponyooshwa palipopinda, akapewa mwalimu mwingine, na mume wangu akabakiwa na shule moja, ile ya karibu, akafundisha ameketi kwenye kigoda, mguu mbele yake. Nilijifungua mtoto wa kike. Shamba nililima mimi na mama mkwe, na mwaka ule tulivuna uwele kidogo mno.

Baada ya mavuno walifika wageni wawili mlangoni, wakiswaga mtamba mwekundu. Mmoja alikuwa mzee mwenye kofia ya kitani. Wa pili nilimtambua kabla hajainua uso. Alikuwa yule dereva.

"Mbukwenyi," mama mkwe aliwasalimu kwa Kigogo, kama anavyomsalimu mgeni yeyote, akawatandikia ngozi.

Kijana alipiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee akajitambulisha kuwa ni mjomba wake. Wametembea kutoka Kondoa, alisema. Kijana ameacha kazi kwa mkandarasi, na ukoo umeketi ukaona haifai mtu kumvunja mwenzake kisha akalala nyumbani kana kwamba hakuna neno. Wameleta mtamba.

Mume wangu alikataa. "Wewe ulilipa kwa mgongo wako, nami nilikuwepo," alimwambia kijana. "Rudini na ng'ombe wenu. Anayedaiwa ni mwingine."

Kijana alisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mgongo wangu waliuchukua wao. Wewe sijakupa kitu."

 Mama mkwe akasema na mwanawe kana kwamba wageni hawapo. "Hawa wametembea kutoka Kondoa wakiongoza ng'ombe kupita mbuga yote ile. Ukimrudisha, watarudi na ng'ombe, na neno watarudi nalo pia. Litakaa kwao, litakaa kwetu. Mtoto wako atalikuta. Mpokee."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Kisha akaniomba nimsaidie kusimama, akaenda mpaka alipokuwa mtamba, akamwekea mkono mgongoni. Kwa desturi ya Wagogo hayo yalitosha kuonyesha kwamba amempokea. Nikapika ugali wa uwele na mlenda, tukala pamoja. Mzee aliomba dua yake, mume wangu akaomba yake.

Mkandarasi hakulipa kitu. Reli ilipomalizika kufika Dodoma alihamia mbele pamoja nayo, kuelekea Tabora, na hatukusikia habari zake tena.

Lakini yule kijana alikuja kila mwaka msimu wa kulima. Alilala kwetu, akalima upande ambao mume wangu hakuweza kuulima, na binti yetu akakua akimwita baba mdogo. Ilipoanza vita kubwa, Wajerumani walikusanya watu wa kuwabebea mizigo, naye akachukuliwa. Mwaka uliofuata mjomba wake alikuja peke yake. Tulipomwona anakaribia tulijua.

Mume wangu alimpokea mlangoni, akanyoa kichwa kama anyoavyo aliyefiwa na ndugu, na tukamlilia yule kijana.