Jua Lililoingia Kwenye Iliki

Hasira hunipanda upya, mwanangu, kila nikikumbuka siku ile. Miaka ya hamsini, nami ni mke mgeni huko milimani juu ya Maramba.

Mama mkwe wangu alikuwa na iliki zake msituni, chini ya miti mikubwa. Mahindi yalikuwa ya mumewe, mbuzi wa mumewe. Iliki tu ndizo zilikuwa zake. Mume wangu, Hoza, akaleta wapasua mbao. "Usihofu, mama," akamwambia, "tunachagua. Mvule mmoja hapa, mmoja kule, mingine hatuigusi." Na kweli hawakuigusa. Magogo yakaburuzwa, msitu ukabaki umesimama, nao wakajisifu jioni nzima. Wanaume wakishatazama juu, shingo hairudi tena chini.

Msimu uliofuata, kila palipopenya jua, majani ya iliki yakageuka manjano, yakakauka. Mahali pake yakaota magugu ya miiba, hata pa kukanyaga hapakuwepo. Hoza akasema ni mvua haba.

Mama mkwe akangoja jua lipande. Saa sita mchana akamshika mkono, mimi nikiwafuata, akamsimamisha kando ya kisiki cha mvule.

"Vua kofia. Simama hapo mpaka nikwambie."

Akatii. Haukupita muda akafuta jasho, akasogea kivulini.

"Mbona umehama?"

"Jua kali, mama."

"Wewe una miguu. Iliki zangu zingekwenda wapi?"

Hoza akainamisha kichwa, lakini majuto ni mjukuu. Iliki zile hazikurudi, na mama mkwe mpaka anakufa alikuwa akimwomba mumewe hata chumvi. Iliniuma, na bado inaniuma.

Leo nanyi mnanijia na msumeno wa mashine: "Bibi, mmoja tu." Mnanichosha. Mmoja tu, mmoja tu, kana kwamba mti una kivuli chake peke yake. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nyie mnavunja la jirani.

Sikukatazi mbao, mwanangu, hata kitanda changu ni cha mvule. Ila kabla hujauchagua mti, chutama kwanza. Tazama kinachoota chini yake, uulize ni cha nani, na mwenyewe akisema hapana, iwe hapana. Haya, nenda. Mungu akupe umri, akupe watoto, na kabla ya vyote hivyo akupe masikio.